Tembo wa Bibi na Mtori Wangu

Siku niliyopelekwa Kirua Vunjo kutambulishwa kwa wakwe, nilimpenda tembo kabla ya ndugu. Alikuwa tembo mdogo wa kauri, wa kale, amekaa mezani mbele ya bibi wa mchumba wangu. Marehemu babu alizawadiwa tembo huyo na mgeni kutoka Thailand, baada ya kumwongoza kupanda Mlima Kilimanjaro. Ana rangi ya asali, mkonga umekunjwa kwa ustadi wa ajabu, na mgongoni ana kitundu.

Mimi na ujuaji wangu nikaamua ni kichupa cha pilipili manga. Nikamtikisa kwa madaha juu ya bakuli langu la mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, nikala kijiko kizima. Nilipiga chafya mpaka kilemba kikadondoka.

Mama mkwe akanusa bakuli langu, akamgeukia bibi.

"Mama, si ulituambia ugoro umeacha?"

Bibi akamvuta tembo wake kifuani. Akanitazama mimi kama msaliti.