Kalvati Tuliyoipaka Chokaa

Siku yangu ya kwanza kazini niliamriwa kuvua viatu. Nilikuwa nimevinunua kwetu Busia, upande wa Kenya, kwa ajili ya siku hiyo, vyeusi vya kamba, nikavuka navyo mpaka na kufika Tororo nimevifunga kwenye gazeti visiingie matope. Nilivivaa mlangoni pa ofisi ya halmashauri ya mji. Muda mfupi baadaye nilikuwa peku ndani ya mtaro, mvua ikininyeshea, na Mhandisi wa Mji amesimama juu yangu na mwavuli wake.

"Maji yamesimama wapi?" akaniuliza.

Nikamwonyesha.

"Andika hapo. Karani wa barabara, usiandike kitu ambacho miguu yako haijakifikia."

Mhandisi huyo alikuwa Mhindi mwembamba mzaliwa wa Jinja, mtu asiyecheka ovyo. Alinitoa jasho miaka yote niliyokuwa chini yake, na mpaka leo namwombea heri.

Ninyi vijana mnaorithi kazi hii mnaniuliza tulichaguaje barabara ya kutengeneza kwanza. Miaka ile ya sitini mji ulikuwa na ubovu mwingi na mfuko mwembamba. Serikali ilikuwa na utaratibu tuliouita nusu kwa nusu: halmashauri ikitenga shilingi ya ukarabati, wizara nayo inaweka shilingi yake. Lakini haikuweka kwa kila kitu. Mji ulipeleka orodha ya kazi zilizopangwa kwa uzito, kisha Mkaguzi wa wizara anakuja kutazama kila moja na kuipa alama za ubovu. Kazi ikipata alama ndogo, inafutwa mpaka mwaka mwingine.

Madiwani waligombana juu ya orodha hiyo kama watu wanaogawana nyama ya arusi. Kila mmoja alitaka barabara ya kwake iwe ya kwanza. Mwenyekiti wao alitaka lami mpya mtaa wa maduka. Mhandisi aliwasikiliza wote, akanywa chai yake, akasema, "Shimo la lami linakua polepole, unaliona kila siku. Kalvati inaondoka siku moja. Ile inayoondoka siku moja ndiyo ya kwanza."

Kalvati ni mabomba ya zege yanayopitisha maji ya kijito chini ya barabara, yameshikwa na ukuta mdogo wa mawe kila upande. Yetu ilikuwa kwenye barabara ya kwenda Mukuju, na ng'ambo yake kulikuwa na kaya nyingi ambazo njia yao ya kufika zahanati ilikuwa hiyo tu. Mabomba yalikuwa yamepasuka. Maji ya mvua za mwaka uliotangulia yalikuwa yamepanda juu ya barabara siku mbili nzima. Mimi mwenyewe niliingia humo kwa magoti, nikapitisha mkono kwenye ufa mpaka kiwiko, nikaiandika namba moja. Mhandisi akatia sahihi. Kama isingepata fedha mwaka ule, isingeona mwaka mwingine.

Sasa niwaelezeni kosa langu. Nyapara wa genge letu la barabara alikuwa Mzee Ofwono, Mjapadhola wa Nabuyoga, mtu mwenye adabu kuliko padri. Siku chache kabla ya ukaguzi nilimwambia, bila kufikiri zaidi, "Mzee, Alhamisi mgeni mkubwa wa wizara anakuja kuona kalvati." Nikaenda zangu ofisini kupanga mafaili.

Kwa watu wetu, ukisema mgeni mkubwa anakuja, umeshatoa amri. Ua unafagiwa, kuta zinapakwa upya, na mawe ya njiani yanapigwa chokaa.

Alhamisi tulifika mimi, Mhandisi na Mkaguzi, na sikuitambua kalvati yangu. Mashimo yamefukiwa kwa maramu, ule udongo mwekundu wa changarawe, na kushindiliwa. Kuta za mawe nyeupe pe. Na zile nyufa, Mungu wangu, zimezibwa kwa saruji. Tororo ni mji unaopika saruji, na watu wa ng'ambo walikuwa wamekusanya unga uliomwagika kwenye magunia yaliyochanika, wakakanda, wakasiriba kuzunguka mdomo wa kila bomba. Walikuwa wamejipanga kando ya barabara na nguo za kanisani. Mzee Ofwono mbele, kofia mkononi, anatabasamu.

Mkaguzi aliinama, akachungulia, akapigapiga ukuta kwa kalamu. Alikuwa mtu wa heshima na haraka. "Halmashauri imejitahidi," akasema. "Hii haihitaji fedha za wizara. Nendeni kwenye mtaa wa maduka."

Akaandika. Mhandisi akaniangalia mimi. Nawaambieni ukweli, nilijua kusema kungewaaibisha wazee waliofanya kazi siku tatu bila malipo, na kunyamaza kungewaua.

Nikasema, "Bwana Mkaguzi, hii ni poda. Tuliisiriba kwa sababu yako. Kosa ni langu, sikuwaeleza."

Tabasamu la Mzee Ofwono likazimika. "Barasa," akaniambia polepole, "wewe nasema sisi nadanganya Serikali? Mgeni nakuja, sisi naacha chafu namna hii? Mama yako hapana fundisha wewe?"

"Mzee, mgeni huyu amekuja kuona uchafu. Akikuta safi anaondoka na pesa."

Watu wakaanza kunong'ona kwa Kidhopadhola, lugha yao. Mkaguzi akasema hawezi kufuta alama kwa maneno ya karani. Yeye anaandika anachokiona.

Ndipo mama mmoja akatoka kwenye mstari, muuza samaki wanaotoka ziwani Majanji, tuliyemwita Mama Akoth, na mtoto wa kike mgongoni. Alisimama mbele ya Mkaguzi, akanyoosha kidole kwenye nyasi za ukingoni.

"Bwana mkubwa, mimi nazaa hii mtoto pale. Chini, kwa majani. Maji najaa, zahanati mimi naiona na macho, kufika hapana. Mungu nasaidia, yeye napona. Sasa mimi iko na ingine tumboni." Akashika tumbo. "Wewe naandika hiyo pia."

Mzee Ofwono akavaa kofia yake, akatwaa sururu kwa kijana wa genge, akateremka kijitoni na nguo zake za kanisani. Akapiga ile saruji aliyoisiriba kwa mikono yake. Pigo la tatu kipande kikaanguka, na nyuma yake kipande cha bomba lenyewe, na udongo wa barabara ukaanza kumwagika ndani. Mkaguzi alivua viatu. Niliona, na moyo wangu ukatulia hapo hapo, kabla hajaingia.

Alitoka na matope mpaka kiunoni, akakata alama ya kwanza, akaandika tano, ya juu kabisa.

Mabomba mapya yalifukiwa wiki moja kabla ya mvua. Mvua ya kwanza ilipopiga nilikwenda na Mzee Ofwono tukasimama juu ya kalvati, tumelowa chapachapa, tukisikiliza maji yanavyopita chini ya miguu yetu. "Napita," akasema. Ndiyo msamaha alionipa. Mama Akoth alijifungua kwenye kitanda cha zahanati, mtoto wa kiume.

Baadaye nilihamishiwa Busia ya upande wa Uganda kusimamia barabara ya Majanji, nikawa chini ya Msimamizi wa Barabara aliyependa sana mikutano, kisha nikarudishwa Tororo na kumalizia hapo. Kila nilipoletewa taarifa ya ukaguzi nilituma neno moja kwanza: msifagie.

Siku ya kustaafu vijana wa ofisi waliniandalia soda na keki, na walikuwa wamepaka ukuta mzima chokaa kwa heshima yangu. Waliposimama kuomba, mimi niliukwangua ukuta kidogo nyuma ya kiti, kwa ukucha. Chini yake ulikuwa mzima. Nikasema amina, nikavua viatu vyangu kama siku ile ya kwanza, nikavibeba mkononi, nikaenda nyumbani.