Chanjo Aliyoikosa Tajiri

Wenzangu mliokulia Junda, huku Kisauni, enzi zile, mtakumbuka kwamba mbwa hakuwa wa nyumba moja. Mwenyewe alikuwa naye, lakini alishinda popote palipokaangwa samaki, na jioni alirudi kwao ameshiba kuliko watoto. Wa kwetu aliitwa Tajiri. Jina alipewa na baba, aliyesema kwamba kibarua wa kiwandani naye ana haki ya kumwamuru tajiri mmoja. Alikuwa na rangi ya mchanga uliolowa, sikio moja limesimama na jingine limelala, na chakula chake kilikuwa ukoko wa sima uliorowekwa mchuzi wa papa. Siku hizi nawaona vijana wakisoma maandishi ya mfuko wa chakula cha mbwa kwa makini ambayo vitabu vya shule havikuyapata.

Afya ya Tajiri ilikuwa mikononi mwa mama. Kila Jumapili baada ya kanisa alichemsha majani ya mwarobaini kwenye debe. Maji yakipoa, kaka yangu Charo alishika shingo, mimi miguu ya nyuma, na mama akamsugua kwa sabuni ya kipande huku akimtoa kupe mmoja mmoja. Tukimwachia alijikung'uta, sote tukalowa, na mama akauliza, "Haya, nani aliyeoshwa hapa?"

Jirani yetu wa karibu alikuwa Bi Zuhura, mama mtu mzima aliyefuga paka wasiohesabika. Mbwa hakumgusa, kwa dini yake, wala hakuingia uani kwetu Tajiri akiwapo. Tulisalimiana juu ya ua wa makuti. Lakini kiangazi kilipokaza, alimwekea Tajiri maji kwenye kopo kuukuu nje ya ukuta wake. "Kiumbe wa Mungu huyu," alisema. "Kiu haichagui."

Nilikuwa darasa la nne, wakati wa likizo, gari la idara ya mifugo lilipopita likitangaza kwa kipaza sauti: Jumamosi mbwa wote wapelekwe uwanja wa shule wakadungwe chanjo ya kichaa. Siku hiyo baba alikuwa zamu, mama alikuwa na mahamri yake ya kuuza, na Charo alikuwa golikipa kwenye mechi ya Mishomoroni. Baba aliniita kabla hajatoka.

"Abee, baba."

"Tajiri ni wako leo. Usirudi naye bila sindano."

Nikamfunga kamba ya katani tukaenda. Tulipofika njia panda nikawakuta wenzangu wakicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, na mmoja amepungua. Nani kati yetu angeweza kuukataa mpira wa soksi kuukuu ukipita sikioni unavuma? Nilimfunga Tajiri kwenye mnazi nikasema nacheza mara moja tu. Nilipomkumbuka, jua lilikuwa utosini. Tulikimbia mpaka uwanjani, tukakuta nyayo za mbwa mchangani na gari limekwishaondoka.

Jioni baba aliniuliza, "Amedungwa?"

"Amedungwa."

"Alilia?"

"Kidogo tu."

Baba akacheka, akamkuna Tajiri sikio lililolala. Uongo wa kwanza niliusema kwa hofu. Huo wa pili, wa kwamba alilia kidogo, ndio unaoniumiza hadi leo, kwa sababu niliupamba.

Hazikupita wiki nyingi, mbwa mgeni aliingia mtaani akitokea upande wa mikoko. Alitembea upande upande, mate yakimchuruzika. Tulikuwa uani watoto watano. Tajiri aliruka akasimama mbele yetu, wakakamatana, na mpaka wanaume walipofika na marungu wakamuua yule mgeni, Tajiri alikwisha kung'atwa shingoni. Charo alimwosha jeraha kwa mikono yake huku analia. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka kwa kudaka mipira.

Majirani walisema yule mbwa alikuwa na kichaa. Baba aliporudi akawatuliza. "Wetu ana chanjo. Hana neno."

Asubuhi yake Bi Zuhura alinikuta nimejikunyata kando ya ua wake. "Mwanangu, una nini?" Nikamwambia yote. Hakunigombeza. Alinishika mkono, akakaza buibui lake, akaingia nami uani kwetu, na Tajiri amelala pale pale mlangoni.

"Mama Charo," alisema, "mtoto ana neno. Msikilize kwanza, kumpiga baadaye."

Mama alinisikiliza, na wala hakunipiga. Aliita daktari wa mifugo. Daktari alipomtazama Tajiri aliuliza swali ambalo hakuna kati yetu aliyekuwa amelifikiria: "Nani aliyemwosha jeraha?" Charo akanyoosha mikono. Daktari aliiona michubuko, akaagiza ioshwe hapo hapo kwa sabuni na maji ya kumiminika, robo saa nzima, kisha apelekwe hospitali bila kungoja baba. Charo alidungwa sindano siku ile, akarudishwa tena na tena mpaka zikaisha.

Tajiri naye alifungiwa peke yake kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba. Chakula tulikisukuma kwa ufito. Alituangalia tu, asijue kosa lake. Wiki ya tatu sauti yake ilibadilika, akawa anabweka kama mtu aliyekabwa, na maji hakuweza kuyameza. Daktari aliporudi, Bi Zuhura alituchukua kwake, akafunga mlango, akatuwekea kaimati mbele yetu. Hatukuzigusa. Mbweko wa Tajiri ulipokatika, Charo alinishika bega. "Bora ulisema," aliniambia.

Baba hakuwahi kunigombeza. Mwaka uliofuata gari lilipotangaza tena, aliomba ruhusa kazini, akanipeleka uwanjani, ingawa hatukuwa na mbwa. Tulishinda pale tukiwasaidia watu kushika mbwa wao mpaka wa mwisho. Tukiwa njiani kurudi aliniuliza, "Wamedungwa?"

"Ndiyo, baba."

"Umewaona kwa macho yako?"

"Nimewaona."

"Basi." Akanishika mkono mpaka nyumbani.

Charo leo ni fundi wa magari Changamwe, na watoto wake wamenipita kimo. Mimi ningali Kisauni, na binti yangu anafuga mbwa mwenye kitanda, shampuu, na picha nyingi kuliko zangu zote za utotoni. Mbwa huyo hajawahi kwenda kwa jirani, maana jirani mwenyewe hatumjui jina. Kuta zimepanda, na mageti hufungwa mchana kutwa. Hapo nawaonea huruma watoto wa siku hizi. Lakini ukutani jikoni binti yangu amebandika kadi ya chanjo, na siku ikikaribia simu yake humkumbusha, naye huacha kila kitu akaenda. Ua wa makuti, nyumba zisizo na makufuli, jirani anayeingia na mkono wa mtoto wako mkononi mwake, hayo nayatamani yarudi. Kwa ile kadi, vijana wametushinda, nami nimefurahi kushindwa.