Mpira wa Alkhamisi na Mlango wa Linux

Alkhamisi iliyopita niliamka Ibra, mji wetu huku Omani, nikasali alfajiri, nikatia begi na kompyuta yangu ndani ya gari, nikaondoka. Nakwenda wapi, sikujua. Jirani aliponiuliza nilimwambia natembea tu, na wanaonijua hawaulizi la pili. Mimi ndivyo nilivyo tangu nilipoacha skuli. Nimeuza kava za simu Nizwa, nimelinda ghala Bahla, nimeendesha gari la maji Sinaw, na kila ninapoanza kuzowea mahala, nyayo huniwasha.

Lakini asubuhi hiyo haikuwa nyayo tu. Nilikuwa naikimbia jioni yake. Kila Alkhamisi baada ya Magharibi, mimi na binamu zangu wawili, Nasra aliyeko Maskati na Khalfan aliyeko Nizwa, tunacheza gemu la mpira kwenye intaneti, timu moja sote watatu, huku tunazungumza kwa hedifoni. Jioni hiyo wenzangu walikuwa wanahamia gemu jipya. Gemu jipya halipokei Linux, na kompyuta yangu ni ya Linux.

Najua wapo watakaosema: baba mzima, mvi kidevuni, anahangaika na gemu! Ngojeni basi nikurejesheni nyuma kidogo, nyinyi mliokua na sisi mtanielewa.

Sisi tuliolelewa Ibra na mabibi waliotoka Unguja tulikuwa na nchi mbili na kizingiti kimoja. Ukivuka mlango kwenda nje, Kiarabu, vumbi, mfereji wa falaji uliopita kati ya mitende, na sisi ndani ya maji yake mpaka vidole vinakunjamana. Ukirudi ndani, Kiswahili, harufu ya iliki, na bibi yetu, Bi Zuwena, amekaa juu ya kibao cha mbuzi alichokuja nacho kutoka Unguja kama watu wengine walivyokuja na dhahabu. Nazi zilitoka Salalah, na kila akizikuna alizilaumu. "Nazi gani hii, haina tui, ina maji tu kama mchumba muongo." Lakini vitumbua vyake havikujua kama nazi ni ya Salalah. Tulivila vya moto, tukajiunguza ulimi, tukarudia.

Msimu wa tende ulipofika na masufuria makubwa ya tende yakachemshwa mashambani, tulirudi nyumbani mikono inanata mpaka viwikoni. Bibi hakukubali tumguse. Alisimama mlangoni na kopo la maji. "Shikamoo bibi!" "Marahaba, na mkae huko huko!"

Kiarabu cha bibi kilikuwa cha kuombea maji tu, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wake. Siku ya Jumatano nilifuatana naye kwenye soko la wanawake, ambalo wanaume hawaingii, nami nikajiona mtu mkubwa kwa kuwa niliruhusiwa kuwa mdogo. Bibi anasema neno kwa Kiswahili, mimi nalipeleka kwa Kiarabu, muuzaji anajibu, mimi nalirudisha. Mara nyingine nililirudisha limepungua. Bibi akisema, "Mwambie kitambaa chake kimechakaa kama uso wake," mimi nilimwambia mama wa watu, "Bibi anasema kitambaa ni kizuri lakini ghali." Biashara ilikwenda vizuri sana. Mpaka siku moja mwanamke mmoja akanitazama miguu, akasema huyu kesharefuka, na kazi yangu ikaishia pale pale, bila ya kuagwa.

Nikajifariji kwa gemu. Ami yetu aliyekuwa akifanya kazi Dubai alituletea mashine ya kuunga kwenye televisheni, yenye pedi nne na kanda moja tu ya mpira. Siku hizo mapumziko yalikuwa Alkhamisi na Ijumaa, na kuanzia Alkhamisi asubuhi viatu vilijaa mlangoni kwa bibi. Kanda ikikataa kusoma tuliitoa, tukaipuliza, tukaisugua kwa kanzu, tukairudisha kwa bismillahi. Watoto wa leo gemu likichelewa kufunguka kidogo wanaita baba.

Tulicheza wawili kwa wawili, sisi kwa watoto wa jirani. Wao walikuwa hodari kuliko sisi. Lakini sisi tulikuwa na kitu ambacho wao hawakuwa nacho: tulipangana kwa Kiswahili mbele ya pua zao. Nasra, aliyekuwa na vidole vyepesi kuliko sote, alikuwa akiamrisha kama mwenye jeshi. "Mwache aje! Mwache, mwache... sasa mkate!" Mtoto wa jirani akigeuka kutuuliza, "Mnasema nini?" Khalfan anamjibu kwa Kiarabu, uso mkavu, "Tunasema unacheza vizuri." Nje ya nyumba ile Kiswahili tulikifanyia haya kidogo, tusije tukachekwa. Mbele ya televisheni kilikuwa silaha yetu. Bibi naye akipita na sinia hushindwa kujizuia. "Mpige teke, mwanangu, umelala?" Hajui nani ni nani, anashangilia rangi.

Haya. Bibi alifariki. Nyumba ikauzwa. Nasra akasoma, akapata kazi ya serikali Maskati. Khalfan anafundisha Nizwa, ana watoto wanne, na Kiswahili cha wale watoto, Mungu awabariki, kinatembea kwa mkongojo. Kila kitu kwao ni "hii" na "ile": kiti ile, maji hii, bibi ile. Ukiwasahihisha wanakujibu kwa Kiingereza. Mimi kwenye kazi zangu huzungumza Kiarabu, na Kihindi cha kubahatisha. Wiki nzima inaweza kupita sijatamka neno la Kiswahili ila ninapojigonga kidole.

Ila Alkhamisi. Tulipoanza kucheza tena ukubwani, kila mtu yuko kwake na hedifoni kichwani, hakuna aliyesema tuzungumze lugha gani. Nasra alipiga kelele, "Mkate!" na ikawa imekwisha. Basi mimi mpira siuchezi vizuri, wenzangu watakuambieni. Mimi huenda pale kusikia Kiswahili cha nyumbani kwetu kikipigiwa kelele na watu wanaonijua.

Sasa mtaniuliza: Linux ya nini? Ni mfumo wa kompyuta kama hiyo mingine mnayoijua, ila huu hauuzwi. Watu wa dunia nzima wanautengeneza na kuugawa, na ukitaka kuufungua uone matumbo yake, ufungue. Nilipokuwa Nizwa niliokota kompyuta iliyotupwa kwa sababu mfumo wake mpya umeikataa kwa uzee. Nikaitia Linux, ikafufuka. Skuli nilikuwa nikiambiwa usiguse, utaharibu. Huku nikaambiwa gusa, na ukiharibu tutakuonyesha pa kurekebisha. Mtu kama mimi akiambiwa hivyo, haondoki tena.

Na gemu nyingi zinakubali. Zimetengenezwa kwa mfumo mwengine, lakini Linux ina programu inayokaa katikati kama mkalimani: gemu linasema lake, yeye analigeuza, mashine inaelewa. Kazi naijua, niliifanya sokoni. Tatizo ni gemu kubwa za kucheza na watu, hizi ambazo dunia nzima iko ndani. Zina mlinzi wa kuzuia wadanganyifu, na mlinzi huyo anataka aingie ndani kabisa ya kompyuta, mahala ambapo Linux haimfungulii mgeni. Wapo watengenezaji waliomfundisha mlinzi wao adabu, wakatupokea. Wapo waliofungua kisha wakafunga. Wengi wanasema nyinyi wa Linux ni wachache, hatuna haja na nyinyi. Lakini mimi nina tamaa. Siku hizi kuna kampuni inauza mashine ndogo ya gemu ya mkononi, na ndani yake ni Linux, na watoto wanainunua bila hata kujua. Wachache tunazidi. Kila linapotoka gemu jipya naangalia kama mlango umefunguliwa, kama mtu anavyoangalia mawingu juu ya mlima.

Basi nikaendesha. Bidiya nikanywa chai ya maziwa kituo cha petroli, upande mmoja mchanga mwekundu, upande mmoja malori. Nikapita Al Kamil, na adhuhuri nikawa Sur nakula wali na samaki, simu ikalia. Nasra.

"Uko wapi wewe?"

"Sur."

"Sur una nini?"

"Samaki."

"Khaa! Sikiliza. Nimezungumza na Khalfan. Tutakununulia kompyuta ya kileo, yenye mfumo kama wa watu. Usinikatalie."

"Nakukatalia."

"Unaona! Ukaidi huo huo ndio uliokutoa skuli."

"Na uhodari wako ndio uliokufunga ofisini."

Akacheka, kisha akashusha sauti, na Nasra akishusha sauti ujue analolisema halitaki mchezo. "Mwenzangu, mimi ofisini sina wa kumwambia 'shoga yangu' akaelewa. Mama ndiyo huyo, anasahau majina yetu. Ukitoka wewe, Khalfan atachoka, namjua, na mimi sitocheza na wageni. Mfumo tu huo, wallahi. Hauna sura wala jina, unaung'ang'ania kama mtoto."

Kumwambia kwamba mashine hii ndiyo kitu pekee nilichokisoma mpaka mwisho, mbele ya sahani ya samaki, niliona haya. Nikamwambia, "Nitaijaribu jioni. Huenda wamefungua." Akasema, "Huenda," kwa sauti ya mtu anayemwambia mgonjwa ana rangi nzuri.

Nikalipa, nikaendelea mpaka barabara ikakaribia kwisha, Ras al Hadd. Miaka yote hiyo ya kuzurura sikuwahi kulala huko. Mtu mmoja ana vyumba nyuma ya nyumba yake anavikodisha kwa wanaokuja kuangalia kasa wakitaga. Tulisalimiana, akanipa kahawa na tende, akaniuliza habari za barabara na za mvua kama ada, ndipo akaja kwenye haja.

"Umekuja kwa kasa, ndugu yangu?"

"Hapana. Intaneti yako ina nguvu?"

Alinitazama, akaitazama kompyuta kwapani. "Watu wanatoka Ulaya kuja kuona kasa, wewe unatoka Ibra kuja kuona intaneti?" Lakini alinipa chumba kilicho karibu na mtambo wake, kitanda, feni, na mto wenye harufu ya ubani, na akarudi mwenyewe na waya mrefu ili nisitegemee hewa.

Magharibi ikapita. Nikaliwasha gemu jipya, lile ambalo Khalfan alinitumia kama zawadi kabla hajajua kwamba halipokei Linux. Mkalimani akafanya kazi yake, picha zikaja, muziki ukaja, uwanja ukaonekana, nyasi unaweza kuzihesabu. Nikabonyeza kuingia kwa wenzangu. Yakatokea maandishi ya Kiingereza, mafupi, ya heshima, kwamba mfumo wangu haukubaliwi. Nikajaribu tena. Nikajaribu njia nilizosoma kwa watu wa Linux wenzangu, nao wote walikuwa wameandika neno moja mwishoni: bado.

Nikawapigia. "Chezeni," nikasema. "Mimi nitawasikiliza kwa simu."

"Utusikilize, sisi redio?" Khalfan akasema.

"Umelinunua ghali, Khalfan. Cheza."

"Nimelinunua, ndiyo, na nimelicheza jana. Wachezaji wana majasho. Majasho, bwana! Mimi nina jasho langu la kutosha, sihitaji la mtu mwengine." Nikasikia anabonyeza. "Nasra, rudi kwenye lile bovu."

"Mimi niko humo zamani," Nasra akasema. "Nilikuwa nawangojea nyinyi. Na wewe bwana Linux, ukifungisha leo, usisingizie mfumo."

Nikaingia. Gemu la zamani, ambalo lilinikubali siku zote, wachezaji wake nyuso kama sabuni. Tunajua halitodumu. Wenyewe wameshatangaza kwamba wataizima mitambo yake, na siku hiyo ikifika hakutakuwa na pa kurudi. Kabla ya siku hiyo ama wale wa gemu jipya wafungue mlango, ama mimi nikubali kompyuta ya Nasra, ama tuachane. Najua pia kwamba watu wawili wamebaki kwenye nyumba mbovu kwa ajili ya mkaidi mmoja, na kwamba hilo nalo lina mwisho wake.

Zamani hatukuhitaji ruhusa ya mtu. Kanda moja, pedi nne, na aliyekuja acheze, hata mtoto wa jirani tuliyekuwa tukimsengenya mbele ya macho yake. Leo nyasi zinahesabika na majasho yanaonekana, na mlangoni hawakuulizi wewe ni mtoto wa nani, wanakuuliza mashine yako inatumia nini. Wanapotuhesabu wanasema wachache. Hawajui kwamba katika wachache hao yumo mmoja ambaye akibaki nje, nyumba nzima inabaki nje naye.

Tulikuwa tumeshafungwa moja. Mlinda mlango wetu, anayeendeshwa na mashine, aliutazama mpira ukimpita pembeni, na Khalfan, mwalimu mwenye heshima zake, akapiga ukelele kutoka Nizwa: "Goigoi mkubwa wee!"

Neno lile la bibi sikulisikia tangu afariki. Nilicheka mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta, akauliza kama mambo yangu ni kheri. Nikamjibu kwa Kiarabu kwamba ni kheri, hedifoni ikiwa shingoni, na nilipoirudisha masikioni tulikuwa tumefungwa la pili, na Nasra alikuwa akinitukana kwa Kiswahili safi kabisa.