Mchawi Aliyemsalimia Mama Yake

Mama yake Abrehet hakuamini barua. Alisema mtu akifa ugenini, wenzake huendelea kumwandikia mama yake ili asilie. Kwa hiyo kila barua ya Abrehet ilipofika Asmara kutoka Roma, ilimzidishia huzuni. Alikwisha kuanza kumwombea kanisani pamoja na marehemu.

Abrehet alikuwa mfanyakazi wa ndani, mwanamke mkimya asiyekula nyama Jumatano wala Ijumaa, kwa mfungo wa kanisa lao. Mtu wa sinema alimwona sokoni akichagua nyanya, akamwambia ana uso wa kutisha. Alicheka hadi nyanya zikamponyoka. Lakini aliposikia kwamba filamu zao huonyeshwa hadi Asmara, alikubali pale pale.

Alipewa nafasi ya mchawi wa kisiwani, yeye aliyezaliwa milimani. Ijumaa hiyo, katika ngome kuukuu nje ya mji, alivishwa mkufu wa mifupa ya kuku. Alijiambia kuvaa si kula. Kisha Iolanda, mpambaji, akaja na kopo la rangi nyeusi.

"Tulia, dada. Taa zinakufanya mweupe."

"Mweupe? Mimi?"

"Mchawi wa mwaka jana alikuwa muuza nyama wa mtaani kwetu. Tulimpaka hii hii, na Bwana Ruggero akaipenda."

"Kwa hiyo nifanane na muuza nyama?"

"Ndiyo. Ila kitambi mwachie mwenyewe."

Ruggero, mwongozaji, alipaza sauti: "Sema chochote! Kiafrika! Kitishe!"

Abrehet alimwinamia bibi harusi aliyefungwa kamba, akakodolea kamera macho, akasema kwa Kitigrinya: "Mama, ni mimi Abrehet. Ni mzima, nakula vizuri. Lile kovu la goti, la kule kisimani, bado lipo. Usiniombee na wafu."

Bibi harusi akapiga yowe. Ruggero akapiga makofi.

Wakati wa kufutwa rangi, Iolanda alimsifu. "Umetisha! Na Ersilia akikutilia sauti, watu watakimbia."

"Sauti gani?"

"Hapa hatunasi sauti, dada. Zinatiwa baadaye, chumbani. Hukumsikia bwana harusi akihesabu namba badala ya kusema maneno yake?"

Alimsikia. Alidhani ni dua. Njia nzima ya kurudi alikuwa akijiuliza: mama atamwona mwanawe akisema kwa sauti ya mtu mwingine, ataamini nini?

Alhamisi, siku ya mapumziko ya wafanyakazi wa ndani, aliulizia chumba hicho hadi akakipata. Ersilia, mama mnene, alisimama mbele ya picha iliyomulikwa ukutani akitoa milio ya fisi.

"Haikai!" alilalamika. "Yeye anafumba mdomo, mimi nimeachama. Huyu anasema maneno, Bwana Ruggero."

"Mchawi wa Kiafrika hasemi. Anabweka."

"Basi kabweke wewe!" Ersilia akageuka, akamwona Abrehet mlangoni. "Si huyu hapa? Shoga, ulikuwa unasema nini?"

Abrehet alimtazama Ruggero. Angeambiwa ni salamu, angeikata. Akakumbuka jinsi watu wa Roma wanavyokwepa paka mweusi.

"Laana ya kwetu," akasema. "Asiyeijua akiiga, humrudia."

Ersilia akarudi nyuma hatua. Ruggero, aliyezika watu wakiwa hai katika filamu zake zote, akaingiza mkono mfukoni kutafuta ufunguo, akashika chuma, kama wafanyavyo watu wa Roma kukinga mkosi.

"Basi aseme mwenyewe," akanong'ona.

Abrehet akasimama mbele ya uso wake uliopakwa rangi, akasema tena yale maneno, mdomo kwa mdomo. Alipofika penye kovu, sauti ilimkatika.

"Hata kilio!" Ruggero akafurahi. "Kiache hicho hicho!"

Pasaka iliyofuata, binamu yake Medhin alifika Roma kutoka Asmara. Abrehet hakungoja hata avue koti.

"Mama alikwenda sinema?"

"Nilimpeleka mwenyewe. Ulipotokea, watu wakapiga kelele za hofu. Ulipofungua mdomo, wakanyamaza, kisha ukumbi mzima ukacheka."

"Na yeye?"

"Alisimama, akakujibu kwa sauti. 'Kisima kile kimefukiwa, mwanangu! Na nani kakupaka masizi?'"

Abrehet akafunika uso kwa kitambaa cha jikoni.

"Halafu?"

"Halafu akaketi. Sasa ananituma nikuulize, yule msichana uliyemfunga kamba amekukosea nini?"