Jitu la Darajani na Maharagi ya Mama

Nilimwaga mikebe minne ya maharagi ya mama ndani ya ndoo moja, nikakoroga kwa mkono. Naanzia hapo kwa sababu hata nikianzia mbali mutanikuta palepale, mkono ndani ya ndoo.

Hayakuwa maharagi ya kupika. Yalikuwa mbegu. Mama aliyachagua punje kwa punje baada ya mavuno, kila aina na mkebe wake: mekundu, meupe, meusi, ya njano. Mengine hupanda juu na kudai miti ya kushikilia, mengine hukaa chini kwa adabu. Ukiyapanda yakiwa yamechanganyika, shamba linakuwa kama darasa letu mwalimu akitoka. Na mvua ilikuwa imeanza kushuka Bulengera, upande wetu wa Butembo. Jumatatu alfajiri mama alikuwa anaenda kupanda. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, naye alikuwa kanisani, kwenye mazoezi ya kwaya ya wamama.

Chanzo ni binamu yangu wa Bungulu, kule Beni, aliyekuja kusoma kwetu mwaka huu. Simu yake ilikuwa na kitabu cha sheria za mchezo fulani, kwa Kifaransa, kurasa nyingi kuliko Agano Jipya. Watu wanakaa mezani, mmoja anasimulia dunia na hatari zake, wengine wanakuwa mashujaa ndani yake na kusema wanafanya nini. Dadu la pande ishirini linaamua kama wamefaulu. Sasa, hapa Butembo utapata pikipiki nzima ikiwa vipande ndani ya katoni. Dadu la pande ishirini, hakuna. Ndipo nikapata akili: mutu achomoe punje bila kutazama. Njano, umeshinda vizuri. Nyeupe, umeshinda tu. Nyekundu, umeshindwa. Nyeusi, pole yako.

Kwa nini sikuchukua punje tano tano za kila rangi? Swali zuri. Wakati ule halikunijia.

Wachezaji walikuwa watatu: binamu, mtoto wa mchungaji anayekaa jirani, na binti wa askari tunayesoma naye, ambaye baba yake alitumwa huku kutoka mbali. Tulipatana: tuvuke daraja moja tu, mchezo uishe, halafu wote wanne tuchambue maharagi kabla ya mama kurudi. Nilihesabu itakuwa kazi ndogo. Sikuwahesabu wao.

Kwanza hakuna aliyetaka kuwa shujaa wa kawaida. Nilimwambia mtoto wa mchungaji awe mchawi, kitabu kinasema wachawi wana nguvu sana.

“Mimi? Mucawi? Unataka papa anitoe pepo mbele ya kanisa yote?”

Akawa muuguzi. Binti wa askari alikataa farasi, akadai moto-moto, yaani pikipiki. Binamu akawa mfanyabiashara wa Butembo. Nikameza hasira. Nikasimulia daraja la kamba, ukungu, mto unaonguruma, na katikati jitu la vichwa viwili, meno kama misumari, rungu begani. Meno yale niliyatunga wiki nzima, hata saa ya hesabu.

“Linawazibia njia,” nikasema kwa sauti ya kutisha. “Munafanya nini?”

Wakatazamana.

“Kumbe ni barrière ya kulipisha watu njiani,” akasema binti wa askari. “Mbona hukusema?”

“Apana barrière! Ni jitu!”

“Sasa donc, nani alimutuma hapa?”

“Hapana mutu alimutuma!”

“Ndeko, ndugu yangu, mutu hawezi kusimama ku daraja hivi hivi. Ako na mukubwa wake. Muulize anakulaka nini.”

Huyu ndiye niliyemtegemea kwa upanga! Nikawaambia jitu limeinua rungu. Mtoto wa mchungaji akainua mkono, kama darasani.

“Tufanye kwanza ka kikao.”

Wakafanya kikao. Naapa. Wakafungua kwa maombi, wakachagua rais, wakachagua karani, na jitu langu limesimama pale rungu juu, linangoja ajenda. Nje wingu lilikuwa jeusi kama punje mbaya. Nikachungulia njia: mama hajaonekana.

“Jamani, pigeni! Chomoeni punje, tumalize!”

“Weye uko na haraka ya nini? Ni jitu yako ama ni mama yako anakuya?” akauliza binamu.

Nikachomoa mwenyewe, kwa niaba yao. Nyeusi. Nikashangilia: jitu linawavamia, wote chini! Binamu akatikisa kichwa kama mzee wa baraza.

“Apana. Siye ni bajumbe. Mujumbe hauawi. Hata kwa majitu.”

“Kitabu hakisemi hivyo!”

“Kitabu ni ya Bazungu. Daraja ni ya huku.”

Kura ikapigwa, tatu kwa moja. Halafu wakatangaza kwamba wana mbuzi. Mbuzi ametoka wapi, nikauliza. Binamu akanitazama kwa huruma.

“Mufanyabiashara akose mbuzi?”

Muuguzi akasimama, akavua kofia, akaliambia jitu kwamba kama mababu zao walilikosea wanaomba samahani, na mbuzi ndiye huyu. Akachomoa punje.

Njano.

Sheria ni yangu, ningefanya nini? Jitu la meno kama misumari likapokea mbuzi, likasema asante kwa vichwa vyote viwili, likasogea pembeni. Wakavuka juu ya pikipiki moja, watatu, wakiimba. Mchezo wetu wa kwanza ukaisha hivyo, bila hata kofi.

“Chambueni sasa!” nikapiga kelele, nikigeukia ndoo.

Mama alikuwa kwenye mlango wa uani, kitenge kimelowa mvua iliyoanza bila mimi kusikia. Alitazama ndoo. Alitazama mikebe minne mitupu.

“Mama,” nikasema, “ni mchezo tu.”

Sijawahi kusema kitu kibaya kuliko hicho. Alianza kufungua kiatu, polepole. Hapo binamu akawavuta wenzake mpaka kona ya barza, mbele ya nyumba, wakanong'ona, wakarudi wakiwa msitari mmoja, mimi nyuma yao. Mtoto wa mchungaji akavua kofia.

“Mama mupendwa, tunakuya kwako kichwa chini. Mutoto wako alikosa, na siye tulikosa pamoja naye. Tutachambua yote, punje kwa punje, leo na kesho tukitoka ku ibada. Na Jumatatu, tukitoka ku masomo, tutakuya ku shamba kukusaidia kupanda.”

Mvua ikapiga mabati. Mama akaacha kiatu. Akainama, akachota maharagi kidogo, akayapeperusha kiganjani, akamtazama kila mmoja, akaishia kwangu.

“Miye nilipitia nyuma, niko jikoni nasikia tangu ile kikao yenu,” akasema. “Jitu mulimupatia mbuzi. Miye, mbuzi yangu iko wapi?”