Ndizi Mbili Mlangoni

Mwanangu wa kike alikuwa na miaka mitatu tulipohama Masukulu kwenda Kiwira, na tangu tufike aligoma kula. Ugali alitema. Wali alitema. Hata ndizi nilizopika na maharage, za kwetu kabisa, aliziangalia akafunga mdomo.

Masukulu alikuwa analishwa na babu yake, baba mkwe wangu. Anamlishaje, sikujua. Kwetu Wanyakyusa mwanamke hamsogelei baba wa mume wake. Mkikutana njiani unaingia kwenye migomba, unampa mgongo mpaka apite. Miaka sita niliishi ng'ambo ya ua wa yule mzee na sura yake siijui. Asubuhi mtoto anavuka kwenda kwake, jioni anarudi ameshiba, mdomo una majivu. Sikuuliza. Ningemuuliza nani?

Kiwira tulifuata biashara. Ilikuwa miaka ile ya kila kitu ruksa, kila wiki duka jipya barabarani. Mume wangu alikusanya ndizi za malori ya Dar es Salaam, dada yake akafungua duka. Huyo wifi yangu ndiye aliyeleta biskuti na kopo la unga mweupe.

"Maziwa ya Ulaya haya, wifi. Wewe unahangaika na ushamba tu."

Mtoto akanywa, akaomba tena. Nililia kwa furaha, sitadanganya. Kopo lilikuwa na maandishi ya Kizungu. Mimi niliishia darasa la pili. Wifi aliyesoma hakuyasoma.

Mashavu yakajaa. Majirani wakasema, "Mama, mtoto kanona! Unampa nini?" Nikaringa. Nywele zikawa nyepesi, rangi ya kutu, wifi akasema, "Si unaona, uzungu unaingia." Tukacheka. Tulicheka, jamani.

Siku moja mchana babu yake akaja kwa miguu. Nilimsikia akipiga hodi, nikakimbilia jikoni nyuma ya ukuta, kama inavyotakiwa. Wifi akampokea, maana yeye ni binti yake, anaruhusiwa.

"Yuko wapi mke wangu?" mzee akauliza. Ndivyo alivyomwita mjukuu wake. Halafu akasema, "Huyu hajanona. Huyu amevimba. Mwambie mama yake anipe, nikamlishe mwenyewe. Yeye anakula ndizi ya kuchoma kwenye majivu, nabonyeza kwenye mtindi kwa kidole. Kwa sahani hali."

Nilisikia kila neno. Wifi akaja mpaka mlango wa jikoni, akanitazama, hakufungua mdomo. Akarudi.

"Amekataa, baba. Anasema mtoto wake anakula vizuri."

Ukuta ule ulikuwa wa matete na udongo. Ningekohoa tu angejua. Nilisimama na mwiko mkononi, nikaona aibu. Mkwe hasemi. Nikanyamaza.

Alipoondoka nilikuta mlangoni ndizi mbili za kuchoma, amezifunga kwenye jani, bado za moto kidogo. Sijui aliziombea wapi jiko. Nilibonyeza moja kwa kidole. Mtindi sikuwa nao. Mtoto alikula nusu, akaangalia mlangoni, akamwita babu.

Jioni nilimwambia mume wangu tumrudishe mtoto kwa babu yake. "Mzee kazoea migomba yake," akasema. "Sisi tumeshatoka huko." Tukaendelea na kopo.

Tulipompeleka hospitali miguu ilikuwa imeshapasuka ngozi. Muuguzi akaligeuza lile kopo, akasoma, akaniambia kwa upole: "Mama, huu ni unga wa kutia chai weupe. Si maziwa." Siku ya nne mtoto akafa.

Wengine husema ni Mungu. Mimi nasema ni wifi yangu, aliyenisemea neno ambalo sikulisema. Ni mume wangu, aliyeona aibu kurudi alikotoka. Na ni mimi, niliyekuwa na mdomo.

Tulimzika Masukulu. Udongo ulipomaliza kurudishwa niliwaacha wanawake, nikavuka upande wa wanaume, nikasimama mbele ya baba mkwe wangu. Watu wakapiga kelele. Nilimtazama usoni. Kumbe lile paji la uso, na yale macho, mwanangu alivichukua kwake.

"Baba," nikasema, "siku ile sikukataa."

Mzee akavua kofia, akajifunika nayo uso, akanipa mgongo, akaingia kwenye migomba.