Bualai Alivyomtangaza Mumewe kwenye Spika

Bualai wetu si mrefu, si tajiri, wala hakusoma kupita darasa la sita. Analima mpunga kando ya mto Chi, huku kwetu kaskazini-mashariki mwa Thailand, kama sisi sote. Lakini ana mdomo, jamani! Na ana kazi ya kujitolea, mhudumu wa afya wa kijiji, aliyoiomba mwenyewe baada ya kumzika baba yake na kisha kaka yake. Wote wawili walikufa macho yakiwa manjano kama binzari. Kwetu macho yakishafika hapo, watu huanza kuulizana nani atapika msibani.

Ni saratani ya mirija ya nyongo. Inaletwa na minyoo ya ini, na minyoo inaletwa na samaki wabichi wa mtoni. Hilo tunalijua vizuri, na bado tunakula.

Na hakuna aliyekuwa akila kama Khamsaen, mume wake. Anamkatakata samaki mbichi mpaka analainika, anamkamulia ndimu, anatia pilipili na unga wa mchele uliokaangwa, anaita majirani. Hiyo ndiyo koi, na ya Khamsaen ilikuwa na sifa mpaka vijiji vya ng'ambo. Akishiba anameza dawa ya minyoo, anajifuta mdomo, kesho anaanza upya.

"Mdudu kafa, mimi mzima," alikuwa akisema. "Choo changu kimepimwa, kisafi. Sasa madaktari wanataka damu yangu ya nini tena?"

"Mdudu kafa, lakini kakutafuna miaka yote hiyo," Bualai alimjibu. "Makovu aliyoacha huko ndani hayaondoki kwa kidonge."

Madaktari kutoka Khon Kaen walikuwa wanakuja kuchukua damu kwenye ukumbi wa hekalu. Walitafuta ndani yake protini fulani ambazo, walitumaini, zingewaonyesha saratani ya mirija ya nyongo au ya kongosho ikiwa bado changa, kabla macho hayajageuka. Njia yenyewe walikuwa bado wanaijaribu. Waliwataka watu wasiojisikia ugonjwa wowote, na hapo ndipo penye kazi, maana mtu asiyeumwa humwambii aende kwa daktari akakuelewa.

"Niache, Mama Nok," alisema Khamsaen, akimwita mkewe kwa jina la mtoto wao. "Ukimtafutia mzima ugonjwa, utaupata tu."

Siku ya kutoa damu ilipofika, akabeba nyavu zake akaenda mtoni.

Bualai alikaa pale ukumbini akipanga watu mstari. Waume wa wenzake walikuja, wa kwake hakuja. Aliogopa, msidhani mwanamke huyu haogopi. Akilini alimwona Khamsaen amelala kwenye mkeka ule ule waliolazwa baba na kaka yake. Akainuka, akaenda moja kwa moja kwa mkuu wa kijiji, mzee Bunthom, aliyekuwa kwenye kipaza sauti akitangaza habari za maji ya mashamba.

"Nipishe kidogo, mkuu. Nina tangazo."

"La nini, dada?"

"La mnyama aliyepotea."

Mzee wa watu akampisha. Basi spika zote za kijiji zikapokea: "Ndugu zangu, habari za asubuhi. Natafuta dume langu. Linaitwa Khamsaen. Lina kitambi, lina kofia ya bluu, na linaogopa sindano. Limeonekana likikimbilia mtoni na nyavu. Atakayeliona aliswage polepole mpaka hekaluni, lisije likashtuka."

Wee! Wanawake waliokuwa wakipandikiza mpunga walikaa chini kwenye tope kwa kucheka. Huko mtoni wanaume wakaanza kumswaga kwelikweli, huyu anapiga mluzi, yule anashika fimbo. Khamsaen alifika ukumbini matope mpaka magotini, uso umemvimba.

"Umenivua nguo mbele ya watu."

"Nimekuvua, ndiyo. Sasa kunja mkono wa shati."

Akatoa mkono huku anaangalia paa. Baada ya hapo hakumsemesha mkewe tena. Alikula peke yake barazani, akalala kampa mkewe mgongo. Bualai alimpikia samaki walioiva, naye akawasukuma pembeni. Nje mama wa watu alitania kama kawaida, lakini nyumbani alikuwa akiumia, na aliapa kwamba angelirudia tangazo lile hata kesho.

Kisha muuguzi akapiga simu. Protini kwenye damu ya Khamsaen hazikukaa sawa. Hiyo haikuwa hukumu, alisema, ila aje apigwe picha. Picha ikaonyesha uvimbe mdogo kwenye mrija wa nyongo. Macho yake yalikuwa meupe, hana maumivu, juzi tu kabeba magunia. Wakampasua, wakautoa pamoja na kipande cha ini.

Siku ya kuruhusiwa, daktari alimweleza kwamba atakuwa akirudi kuangaliwa kwa miaka, ila uvimbe umewahiwa. Wangengoja macho yageuke, pasingekuwa na la kufanya. Bualai alikuwa amesimama mlangoni na furushi la nguo chafu.

"Watu wasioumwa wanatukimbia, mzee," daktari alisema. "Wewe ulikujaje?"

Khamsaen alivaa kandambili zake taratibu, akashika ubavu, akasimama wima kwa miguu yake mwenyewe.

"Mimi sikuja, daktari," alisema. "Nililetwa. Mimi nina mke."